Kumsindikiza Joanne

Jumamosi ya kwanza ya Juni, Jemimah aliamka kabla ya saa aliyoitegesha, akabaki kitandani akisikiliza. Hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Tangu mwanzo wa Machi, karibu kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyuma ya ukuta wa chumba chake fimbo ilikuwa ikigonga ngazi za dharura: ko, ko, pumzi moja ndefu, kisha ko tena. Majirani walimshtaki mwenye fimbo kwa meneja wa jengo mara mbili. Jemimah mwenyewe, akitoka zamu ya usiku hospitalini, alishawahi kuiombea fimbo hiyo ivunjike. Sasa ngazi zilikuwa kimya kwa siku ya kumi na moja, na kimya hicho kilimwamsha kuliko kelele.

"Alisema anarudi Alhamisi," alimwambia mumewe, Nahashon. "Leo Jumamosi."

"Mzee ametuacha tulale, wewe unamtafuta. Geukia ukutani, mama."

Hakugeukia ukutani. Alichukua ufunguo uliokuwa juu ya friji, akavuka ukumbi na kufungua fleti namba 806. Mmea wa dirishani ulikuwa hai kwa sababu yeye ndiye aliyeumwagilia. Jikoni, karatasi ya ratiba ilikuwa bado imebandikwa, imepigwa mistari kwa rula, na kwenye mstari wa mwisho palikuwa pameandikwa kwa wino mweusi: ALHAMISI 30 MEI, KUWASILI, SAA 9:40 ALASIRI. Olavo Saldanha hakuwa mtu wa kuandika dakika arobaini halafu asizitimize.

Alizaliwa Nairobi, mtaa wa Pangani, kwa wazazi wa Kigoa kutoka India, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye ofisi ya reli, katika chumba ambamo makarani sita walipanga saa za treni kati ya Mombasa na Kisumu. Kazi ya pili, na ya mwisho, ilikuwa ya ukarani wa bima hapa Toronto, miaka thelathini na moja, bila kuchelewa hata siku ya dhoruba ya theluji iliyofunga mji mzima. Siku hiyo alifika, akakuta mlango umefungwa, akasimama nje mpaka saa yake ya kutoka, kisha akarudi nyumbani. Mkewe, Vera, alifariki miaka sita iliyopita. Hawakujaliwa watoto. Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi ya zamani, kimetunzwa vizuri kama suti ya harusi, na kwa muda mrefu hakuwa na pa kukivaa. Siku Jemimah na Nahashon walipohamia ghorofa ya nane, Jemimah alimkuta mlangoni kwake akihangaika na kitasa, akikibembeleza: "Haya bwana, fungua, sisi ni wazee sote." Jemimah alicheka. Mzee akageuka, na kuanzia siku ile hakumwita jina lingine ila Sista, kama manesi walivyoitwa alikotoka.

Barua ilifika mwanzo wa Machi. Ndani yake mlikuwa na ramani, kitabu chembamba cha njia za kutembea kwa miguu, na karatasi moja kutoka kwa dada yake, Joanne. Joanne anaishi Uingereza, katika mji mdogo chini ya vilima vyenye jina lile lile la mtaa wetu, Malvern, na kufanana kunaishia kwenye jina. Kule ni milima. Huku ni tambarare, na kilichoinuka ni majengo tu.

"Olavo," dada mtu aliandika, "tarehe ishirini na nne Mei natimiza miaka themanini. Nyonga yangu imekwisha, Septemba wanaibadilisha. Kabla hawajanigusa nataka kutembea juu ya mgongo wa vilima, mwisho mpaka mwisho, kwa nyonga niliyozaliwa nayo. Njoo unisindikize. Safari hii usichelewe."

Neno hilo la mwisho lilikuwa na umri wa miaka hamsini. Mwaka wa sabini na nne, Joanne alipoondoka Kenya kwenda kuishi Uingereza, ukoo mzima ulimsindikiza uwanja wa ndege wa Embakasi. Walikwenda kwa magari manne, na shangazi wawili na padri wakajaa kwenye kibaraza cha kupungia mikono. Aliyekosekana ni ndugu yake wa pekee. Olavo alikuwa golikipa wa hoki, na siku hiyo kulikuwa na fainali. Yeye alishikilia kwamba mechi ilikwenda muda wa nyongeza, kwamba alikimbia akafika ndege ikiwa angani, na kwamba aliipungia. Joanne alishikilia kwamba aliyoipungia ilikuwa ndege ya mizigo. Tangu hapo walikuwa wameonana mara tatu, mazishi mawili na harusi moja, na kila mara, kabla chai haijapoa, Embakasi ilishaletwa mezani.

"Kwa nini usiende tu ukae naye sebuleni, mzee?" Jemimah alimwuliza aliposomewa barua. "Lazima mpande mlima?"

"Sista, ndani ya nyumba tutagombana. Njiani, angalau mmoja wetu atakuwa mbele."

Olavo alimpigia simu dada yake siku ile ile, akakubali. Kisha, kwa furaha, akaamua asipande lifti. Jemimah alimkuta amekaa kwenye ngazi kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kofia iko magotini.

"Mzee, unaumwa?"

"Siumwi. Nafanya mazoezi."

"Ya kukaa?"

Alikuwa na miaka sabini na sita, goti la kulia lilikuwa likilia kama mlango wa stoo, na njia ya Joanne, ukijumlisha kupanda na kushuka mpaka nyumbani, ilikuwa kilomita kumi na tano. Zilibaki wiki kumi na moja. Akachora ratiba.

Kilele kirefu kuliko vyote, kwa mujibu wa kitabu, kina mita mia nne ishirini na tano. Olavo alikadiria ghorofa moja kuwa mita tatu, na kwa kuwa lifti yetu inaishia namba kumi na tano, akapata mita arobaini na tano kila akipanda kutoka chini hadi juu. Mlima mzima ukawa safari tisa na nusu. Alizigawa kwa wiki: Jumatatu mbili, Jumanne mbili, Jumatano kupumzika, na Jumamosi asubuhi alikuwa anafika kileleni, anatoa sandwichi, anaila peke yake karibu na mlango wa paa.

"Mlima haupandwi kwa awamu, mzee," Jemimah alimwambia alipoiona karatasi. "Ukishuka kulala, kesho unaanzia chini."

"Hilo nimelifikiria. Ni suala la wastani."

"Na ghorofa ya kumi na tatu iko wapi?"

Olavo alimtazama. Jemimah akamwonyesha kwa kidole, kwa upole, kama anavyomwonyesha mgonjwa picha ya mfupa. Kwenye lifti, baada ya kumi na mbili inakuja kumi na nne. Wenye majengo wanaogopa mkosi, basi namba hiyo wanairuka. Mtu aliyepanga saa za treni kati ya Mombasa na Kisumu alikuwa amepanda ghorofa isiyokuwepo kwa siku kumi na tisa. Halafu Jemimah akamkumbusha kwamba namba moja ni pale chini anapoanzia, kwa hiyo hata hiyo haipandwi. Olavo alikwenda kuchukua rula.

Nahashon, ambaye hushinda kutwa akiendesha mashine ya kunyanyulia mizigo katika ghala moja huko Downsview, hakuona maana ya jambo lenyewe. Jumapili moja baada ya ibada walimwalika mzee kwa chakula, naye akaja na kitabu chake kwapani.

"Kwa hiyo unatembea kilomita kumi na tano," Nahashon alisema. "Kwenda wapi?"

"Kurudi nyumbani."

"Si ungebaki nyumbani?"

Olavo alifungua ukurasa wenye picha. Alieleza kwamba vilima vile, sehemu kubwa, ni ardhi ya wote. Wakazi wa pale wana haki ya kulishia kondoo, na mpita njia yeyote ana haki ya kupita.

Nahashon aliweka kijiko chini. "Ngoja, mzee. Ardhi yote hiyo. Ina mandhari."

"Ndiyo."

"Na haina ua."

"Haina."

"Tangu lini?"

"Zaidi ya miaka mia."

"Na miaka mia yote hiyo hakuna mtu aliyeamka siku moja na hati mkononi? Hakuna mheshimiwa? Hawa watu hawana hata diwani?" Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Kwetu sasa hivi pale pangekuwa na kituo cha petroli, kanisa la mabati, na kesi mahakamani."

Kilichomsumbua Jemimah ni kingine. Kitabu kilisema pia kwamba njia nyingine zinakatiza katikati ya mashamba ya watu, na mtembezi anaruka ua kwa kingazi cha mbao.

"Bila hodi?"

"Ni haki yako kisheria, Sista."

"Haki sawa. Lakini hodi inakugharimu nini?"

Olavo alifikiri, kisha akatoa kalamu na kuandika pembeni mwa ukurasa: hodi.

Theluji ilipokwisha walianza kutembea nje, kwenye ile njia ya majani inayopita chini ya nyaya kubwa za umeme. Jemimah alikwenda naye siku alizokuwa na nafasi. Goti lilikubali kilomita tatu, likakubali tano. Katikati ya Mei lilifika saba, hapo likagoma. Katika kilomita ya nane Olavo alikuwa akisimama ghafla, macho mbele, kama treni iliyoishiwa maji, halafu akitafuta pa kukaa: benchi, jiwe, mara moja ua wa bustani ya mtu, ambaye alitoka kumpa glasi ya maji akidhani amepotea.

Jumamosi ya tarehe kumi na nane Mei, siku tatu kabla ya ndege, Jemimah alikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa nyumbani kwa rafiki yake Chepkoech, kilomita nne kwa njia ile ile ya nyaya. Alikuwa amebeba mandazi kwenye ndoo yenye mfuniko. Olavo alimsubiri ukumbini amevaa tai.

"Leo si mazoezi," alisema. "Nakusindikiza tu mpaka kwa Chepkoech. Jioni nitampigia Joanne, nimwambie siji."

"Mzee!"

"Sitaki kukaa chini katikati ya mlima, dada yangu akiwa mbele na nyonga mbovu. Atalizungumza miaka hamsini mingine."

"Ana themanini."

"Humjui Joanne."

Walitembea polepole, bila kuhesabu. Walipofika getini kwa Chepkoech waliagana. Jemimah alikuwa ameshika kitasa cha geti alipogeuka na kumwona mzee anaondoka, mdogo kabisa chini ya minara ile ya chuma, tai yake ikipeperuka begani. Mama yake Jemimah, kule Nyamira, hajawahi kumwacha mgeni aondoke peke yake, hata mgeni aliyekuja kumdai. Miguu ya Jemimah ikageuka yenyewe.

"Ngoja, mzee! Nikusindikize mpaka pale darajani."

Daraja lilikuwa nusu ya njia, kilomita mbili. Walipofika hapo Olavo alivua kofia. "Sasa wewe utarudi peke yako?"

"Ni mchana kweupe."

"Mimi nimelelewa na mama, Sista. Twende."

Wakarudi mpaka getini. Pale getini Jemimah akaona haiwezekani, mzee wa watu amemrudisha, goti lile, na yeye amwache hivi hivi. Akamtoa mpaka darajani. Darajani Olavo akavua kofia. Njiani walifungua ndoo.

Ilikuwa kwenye kipande cha tatu kati ya geti na daraja, au cha nne, kwa sababu walikuwa hawajui tena ni kipi, ambapo Olavo alisema, "Nitakueleza kitu ambacho Vera tu ndiye aliyekijua. Hakukuwa na muda wa nyongeza."

Jemimah alipunguza mwendo.

"Mechi ilikwisha saa kumi kamili. Tulifungwa manne. Ndege ilikuwa saa kumi na mbili na robo, na baiskeli ilikuwa pale nje. Nilikuwa nimejiandikia ratiba, Sista, ilikuwa mfukoni. Nikakaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, pedi ziko miguuni, mpaka giza likaingia. Nilijiambia mtu hawezi kuondoka kabla hajasindikizwa na wote. Nisipokwenda, hataondoka."

Upepo ulipita kwenye nyaya juu yao na kuzivumisha. Jemimah alikumbuka mlango wa vioo wa uwanja wa ndege wa Nairobi, askari aliyeinua mkono, na mama yake aliyebaki upande wa pili akipunga kitambaa kwa dakika kumi nzima, akimpungia abiria asiye yeye. Hakumwambia mzee hayo. Alimpa andazi.

"Na Joanne hujamwambia?"

"Nimemwambia muda wa nyongeza."

"Miaka hamsini?"

"Huwa mrefu ukiuanza."

"Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Hivyo hivyo."

Simu ya Jemimah ililia. Alikuwa Chepkoech.

"Jemimah, dada, tuko dirishani hapa. Tumekuona unafika getini, unageuka. Unafika, unageuka. Sasa unakuja tena. Kuna mbwa?"

"Hakuna mbwa."

"Kuna nini?"

"Namsindikiza mzee."

"Mara zote hizo?"

"Na yeye ananisindikiza."

Chepkoech akasema kwa sauti ya mtu anayewaelewa watu wa kwao, "Basi sisi tumeshafunga kwa maombi. Mandazi yako wapi?"

Jemimah alichungulia ndani ya ndoo. Yalibaki matatu.

Kwa kuwa mkutano ulikuwa umekwisha, walirudi nyumbani pamoja, kilomita nne, bila mtu wa kumwacha. Kwenye lifti Jemimah alitoa simu aangalie saa, akaona kile kijisehemu kinachohesabu hatua. Akakisoma mara mbili.

"Mzee. Leo umekaa chini mara ngapi?"

Olavo alifikiri. "Sikukaa."

"Kilomita kumi na sita."

"Rudia."

"Kumi na sita."

Alimtazama kwa mashaka ya karani. "Hiyo simu yako, haihesabu na ghorofa ya kumi na tatu?"

Kesho yake hakuweza kuinuka kitandani, na Jemimah alimkanda goti kwa barafu Jumapili nzima. Lakini Joanne hakupigiwa simu. Jumanne Nahashon alimpeleka uwanja wa ndege, na badala ya kumshusha mlangoni, akaegesha gari, akaingia naye mpaka mahali pa mwisho ambapo mtu asiye na tiketi anaruhusiwa, akasimama pale akipunga mpaka mlinzi akamwuliza kama ana tatizo.

Ndiyo maana Jumamosi ile ya kimya, akiwa amesimama katika fleti ya mzee mbele ya ratiba, Jemimah hakungoja zaidi. Alipiga namba ya Uingereza. Ilipokelewa na sauti ya mwanamke, kavu, yenye Kiswahili cha suti ile ile.

"Wewe ndiye Sista? Nimesikia habari zako mpaka nimechoka."

"Shikamoo, mama. Tulikuwa na wasiwasi. Mlifika mwisho?"

"Tulifika. Mimi na nyonga, yeye na goti. Alikuwa anawapigia hodi kondoo." Akakohoa kidogo. "Kuna kitu alinieleza kule juu. Kuna upepo kule, sikusikia. Nikamwambia apaze sauti. Akapaza. Nikamwambia arudie."

"Ulikuwa hujasikia bado?"

"Nilisikia mara ya kwanza, mwanangu. Nilitaka airudie. Akaikariri mara tatu, kwa kupiga kelele, watu wanapita na mbwa wao: tulifungwa manne, nilikaa na pedi mpaka giza. Miaka yote hii nilidhani ni mabao matatu."

Simu ikachukuliwa. "Sista," alisema Olavo. "Nilikosa treni ya kwenda uwanja wa ndege."

"Wewe?"

"Joanne alinisindikiza stesheni. Kutoka stesheni mpaka kwake ni mwinuko mtupu, Sista, na nyonga ile. Ningemwachaje? Nikamrudisha. Alipofika mlangoni akasema sasa na mimi nitarudi vipi peke yangu."

"Na treni iliyofuata?"

Kwa nyuma Joanne alisema kitu, na mzee akacheka kicheko ambacho Jemimah hakuwahi kukisikia upande huu wa ukuta.

"Tangu Alhamisi tumekwenda stesheni mara nne," alisema.

Jemimah alirudi nyumbani kwake, akamwambia Nahashon alale tu. Kisha akarudi 806 na kuumwagilia mmea, na amekuwa akiumwagilia tangu hapo kila Jumamosi.

Joanne alifanyiwa operesheni tarehe kumi na mbili Septemba. Olavo yuko kule kwa kibali cha miezi sita, katika chumba cha nyuma, ghorofa ya juu ya nyumba ya dada yake. Ngazi za kufikia chumba hicho ni kumi na tatu. Amezihesabu.